Selari Ilivyoota kwa Arie Zook

Jumatatu ya pili ya mwezi wa saba, Arie Zook alikuwa ameshaanika shuka mbili, magauni matatu na aproni sita. Akainama kwenye kapu kuchukua soksi, akakuta selari imeota ndani ya kapu. Ilikuwa imepenya kati ya fito kutoka ardhini, mashina manne ya kijani, marefu kama kiganja, na majani yake yalikuwa bado yana umande. Kapu lenyewe lilikuwa limekaa chini dakika kumi tu. Arie akaing'oa, akaipangusa udongo, akaitafuna. Ilikuwa tamu, haina nyuzi. Akaendelea kuanika soksi.

Arie alikuwa na miaka arobaini na miwili na hakuwahi kuolewa. Aliishi kwenye nyumba ya vyumba viwili mwishoni mwa shamba la kaka yake Menno, wilaya ya Lancaster, huko Pennsylvania, Marekani, na kazi yake ilikuwa kushona kofia za sala. Waamishi ni Wakristo wa desturi za zamani, wasiotumia umeme wala magari ya injini, na kila mwanamke wao katika nyumba thelathini na mbili za kanisa la Arie alivaa kichwani kitu kilichotoka mkononi mwa Arie. Vipimo vya vichwa vyao vilikuwa kwenye daftari moja lenye jalada jeusi, kila mtu na ukurasa wake. Ukurasa wa Lavina Riehl ulikuwa umechakaa kuliko mingine. Lavina alikuwa na miaka ishirini na miwili, mtoto wa kulea wa Ephraim na Sadie Riehl, na kichwa chake kilikuwa kimepimwa mara ishirini na tatu. Kipimo cha kwanza, inchi kumi na tatu na nusu, hakikuandikwa na mshona kofia. Kiliandikwa na mama mzazi akiwa kitandani, siku ya tatu baada ya kujifungua. Mwandiko ulikuwa ule ule.

Sasa, kwa watu wale selari haioti tu. Hupandwa mwezi wa saba na mama mwenye binti wa kuoza, maana harusi ni mwezi wa kumi na moja, baada ya mavuno, na hakuna harusi bila selari. Huchemshwa kwa maziwa na siki kidogo, huchanganywa na mkate na kuku, na iliyobaki husimamishwa mezani ndani ya gilasi, majani juu, badala ya maua. Uchumba wenyewe ni siri. Hautajwi mpaka shemasi ausome kanisani mwezi wa kumi. Lakini mistari kumi na miwili ya selari haifichiki nyuma ya mahindi, kwa hiyo majira hayo watu hupita mbele ya bustani za wenzao polepole, farasi akitembea, wanahesabu.

Kufika Ijumaa selari ya Arie ilikuwa imejaza tuta la bitiruti. Wiki iliyofuata ikaota kwenye nyufa za sakafu ya jikoni. Arie aliikata kwa mkasi wa kitambaa, jioni ikarudi. Iliota ndani ya kiatu cha kulia cha kwendea kanisani, na kwenye saraka ya cherehani, kati ya bobini na sindano. Tangu ilipoanza, Arie hakuweza kukaa. Akikaa tu, miguu inamwasha mpaka anyanyuke. Akawa anashona amesimama, mguu mmoja kwenye pedali, na anakula amesimama, na mchana anatembea kutoka dirisha la barabarani mpaka dirisha la bustani na kurudi.

Menno alikuja mpaka kwenye uzio.

"Imefika kwangu," alisema. "Ng'ombe wameila. Maziwa yana harufu."

"Pole."

"Si neno. Jibini litakuwa zuri." Alisimama akiitazama bustani. "Imeota pale pale, unajua."

"Pale pale wapi?"

"Alipopanda Mama. Mwaka ule." Akakohoa, akaenda kuwaangalia ng'ombe, ingawa alikuwa ametoka huko sasa hivi.

Mwaka ule Arie alikuwa na miaka kumi na tisa, na kila Jumapili baada ya nyimbo za vijana Gideon Lapp alimrudisha nyumbani kwa gari lake la farasi. Mama yake Arie alilisikia lile gari, akahesabu Jumapili, akapanda mistari minane ya selari bila kuulizwa. Mwisho wa mwezi wa saba Arie alipita mbele ya nyumba ya msichana mwingine, Fannie, akipeleka mayai, akaona mistari kumi. Akajua. Alimwuliza Gideon, naye akamwambia, "Nipe wiki mbili." Mwezi wa kumi na moja Gideon alimwoa Fannie. Selari ya mama yake Arie walipewa nguruwe. Mtoto alizaliwa mwezi wa tatu.

Kabla ya hapo, Arie alipiga magoti mbele ya kanisa zima akakiri. Hakutaja mwanamume; alikuwa bado anahesabu zile wiki mbili. Alitengwa wiki sita, akila kwenye meza ya peke yake, kisha mke wa askofu akamwinua kwa mkono, akambusu, ikawa imekwisha. Kilichosamehewa kwa watu wale hakitajwi tena. Anayekitaja ndiye mwenye dhambi mpya. Mtoto alihesabiwa ndani ya kile kilichosamehewa, akawekwa kando pamoja nacho. Walipewa Ephraim na Sadie, waliokuwa wamekaa miaka saba bila mtoto, na Lavina alipokua aliambiwa alitoka kwa watu wa nje, kupitia ofisi fulani huko Philadelphia. Kila mtu aliyezidi miaka arobaini alijua sivyo. Ni watu wasiokula kiapo hata mahakamani, kwa kuwa ndiyo yao ni ndiyo, na walikaa na neno lile miaka ishirini na miwili wakiwa na moyo mweupe kabisa. Baadaye kanisa lilipopiga kura ya kumpata shemasi, vitabu saba vya nyimbo viliwekwa mezani, kimoja kina kikaratasi ndani. Gideon Lapp alichukua cha nne. Ndicho kilichokuwa nacho, akawa shemasi.

Mwezi wa nane wanawake walikusanyika kwa Sadie kushona mfarishi wa viraka. Arie alishona kwenye kona, amesimama. Lydiann Glick alikuwepo, mwanamke mnene mwenye sauti, wa kanisa la ng'ambo ya mto. Mwanawe Benuel alikuwa akionekana na Lavina. Arie alipoyasikia hayo mwaka uliopita, hakula siku mbili. Alichukua kitabu cha koo, kile kinene ambacho kila nyumba inacho, akafuata ukoo wa Glick kwa kidole mpaka kwenye meli iliyowaleta, akitafuta mahali ulipogusa ukoo wa Gideon Lapp. Uligusa kwenye babu wa tano, kama koo zote zile zinavyogusana. Ndipo akala.

"Arie," alisema Lydiann bila kuinua macho kwenye sindano, "tuambie basi. Mistari kumi na minne! Ni mjane gani huyo?"

"Mimi nasikia ni yule wa kinu, mwenye meno mawili," alisema mwingine.

"Mawili yanatosha. Selari ikiiva vizuri haitaki meno."

Vijana wakacheka mpaka mfarishi ukatikisika. Wanawake wazima hawakucheka. Walivuta nyuzi zao kwa nguvu, na mmoja akaikata yake.

Sadie alipotoka kwenda kuchemsha kahawa, Lydiann akashusha sauti, lakini yake ilikuwa haishuki sana. "Ya Sadie mmeiona? Yote imelala chini, ya manjano. Kapanda mara tatu. Mimi sina neno na msichana, ana adabu, anaoka vizuri. Ila damu ya watu wa nje nani anaijua? Nimemwambia Benuel wangoje mwaka, tuone."

Arie aliangalia kiraka chake. Alikuwa amekishona kwenye mkono wa gauni lake mwenyewe. Akafumua, akaanza tena.

Siku nne baadaye Lavina alikuja kupimwa, na Benuel akabaki nje na farasi. Kupitia dirishani alionekana akichokoa selari kwenye kwato za farasi kwa kisu, nyingine akiila.

"Anasema nini kuhusu kungoja?" Arie aliuliza.

"Kamwambia mama yake ataoa hata kwa kabichi." Lavina alicheka, kisha akaacha. Alikuwa na tabia ya kuviringisha kamba ya kofia kwenye kidole mpaka kidole kinakuwa cheupe. "Yeye anacheka tu. Mimi usingizi siupati. Mama ananiangalia kama mimi ndiye niliyeiua ile selari. Labda ni kweli, Arie. Labda ardhi inajua mimi si wa hapa."

Arie alifungua saraka kutoa daftari. Selari ilikuwa imeota ndani ya daftari, shina moja jembamba kati ya kurasa, likaufungua ukurasa wa Lavina lenyewe na kuukalia. Lavina akainama kulitoa. Alisoma akiwa ameinama hivyo hivyo.

"Machi kumi na mbili," alisema. "Mwaka niliozaliwa."

"Ndiyo."

"Mama anasema nililetwa mwezi wa nne."

"Uliletwa kwao mwezi wa nne. Ndiyo."

"Sasa kichwa changu kilipimwaje hapa mwezi wa tatu?"

Arie alikuwa ameahidi mbele ya kanisa kutosema. Hakuahidi kudanganya. Aliilamba ncha ya uzi ambao hakuwa na haja nao. "Kaa wima," alisema, "nisije nikakosea."

Lavina alikaa wima. Arie alizungusha utepe juu ya masikio, nyuma kwenye kisogo, mbele kwenye paji, akasoma inchi ishirini na moja na nusu. Akaufungua utepe, akazungusha tena. Mara ya tatu Lavina alikuwa amefumba macho. Nje Benuel alisema neno na farasi. Lavina alipoondoka, Arie alitembea kutoka dirisha mpaka dirisha mpaka giza likaingia.

Gideon Lapp alikuja Alhamisi alasiri. Ilibidi aje, maana mstari mmoja wa selari ulikuwa umetoka langoni kwa Arie, ukavuka barabara, ukafuata mtaro karibu maili nzima, ukazunguka shule, ukasimama kwenye mlango wa zizi lake. Fannie alikuwa akifagia kando kando yake.

"Arie."

"Gideon."

"Hii mboga yako."

"Sikuipanda."

"Iko mlangoni kwangu. Watu wanapita, wanatazama inakotoka, wanatazama inakoishia."

"Si mbali. Hata mtu mzima anaweza kuufuata kwa miguu."

Gideon alivua kofia kujifuta jasho. Kwenye ukanda wa kofia palikuwa pameota kishina. Alikichomoa, akatafuta pa kukiweka, akakitia mfukoni. "Ningeomba uing'oe."

"Jembe lile pale."

Alikuwa mfanyakazi mzuri, hilo hakuna aliyewahi kumnyima. Alilima saa nzima bila kupumzika, mistari sita, akaipanga selari kwa mafungu. Alipofika mwisho, mstari wa kwanza ulikuwa umerudi, unamfika magotini. Akalirudisha jembe pale pale alipolikuta.

"Mwezi wa kumi utasimama umsome," Arie alisema. "Utasema binti wa nani?"

"Wa Ephraim na Sadie. Ndivyo alivyo."

"Ndivyo alivyolelewa, na amelelewa vizuri, simnyang'anyi Sadie kitu. Nataka asikie tu kabla hajaolewa. Lydiann anamwita damu ya nje mbele za watu, na ninyi mnaojua mnavuta nyuzi."

"Ulipiga magoti, Arie. Ukasamehewa. Kanisa haliwezi kutaja kilichosamehewa."

"Mimi nilipiga magoti. Wewe ulipiga lini?"

Gideon alivaa kofia yake. Alitazama barabara, kisha bustani, kisha viatu vyake.

"Nipe wiki mbili," alisema.

Aliyasema vile vile, kwa sauti ile ile, kama mtu aliyetoka nje mara moja kumfunga farasi akarudi kumalizia maneno yake. Arie alimfungulia lango.

Wiki mbili zilipita mara tatu. Jumapili ya kusomwa, ibada, ambayo kwao huzunguka nyumba kwa nyumba, ilikuwa kwenye ghala la Menno. Lavina hakuwepo, maana msichana anayesomwa hubaki nyumbani kumpikia mchumba. Benuel, aliyeruhusiwa siku hiyo kuja kutoka kanisa lake, alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, kofia mkononi. Kofia za wanaume wengine zilikuwa ukutani kwenye misumari, na ile yenye majani ya kijani kila mtu aliijua ni ya nani.

Baada ya mahubiri ya pili Gideon alisimama. Alisoma kwamba Benuel Glick na Lavina, binti wa Ephraim na Sadie Riehl, wanakusudia kuoana Jumanne ya tatu ya mwezi wa kumi na moja. Benuel akatoka, na magurudumu yakasikika yakienda mbio.

Arie, aliyekuwa amejikaza kukaa tangu asubuhi miguu ikimwasha, akanyanyuka. Alinyanyuka katikati ya safu ya wanawake, mikono kwenye aproni, na akafungua mdomo. Wote walimwona. Gideon alimwona, akabaki amesimama naye, upande huu na upande ule wa ghala, kwa muda wa kutosha kusema majina mawili.

Askofu alikuwa mzee na alisikia vibaya sikio moja, lakini macho yake yalikuwa mazima. Alitaja namba ya wimbo.

Nyimbo za watu wale ni ndefu na huimbwa polepole, silabi moja huvutwa kama kamba ya ndoo kutoka kisimani. Huo uliimbwa dakika ishirini na tatu. Arie alibaki amesimama, mdomo wazi. Mwanamke wa kulia na mwanamke wa kushoto walikunja sketi zao ili asizikanyage, wakaimba. Selari ilipenya kati ya mbao za sakafu, ikapanda kwenye miguu ya benchi, na mtoto mdogo mmoja akaila. Wimbo ulipokwisha askofu akasema tupige magoti, na watu wote wakageuka wakapiga magoti, kwa hiyo naye akapiga.

Siku nne kabla ya harusi Sadie Riehl alikuja kwa miguu, anavuta mkokoteni wenye makapu matupu. Alikuwa mwembamba, mwenye mikono mikubwa ya mtu anayefua sana.

"Watu mia nne, Arie," alisema. "Sina hata shina."

"Chukua kisu kile kirefu."

Wakakata pamoja. Kila walipokata, ikasimama nyingine nyuma yao, kwa hiyo hawakuwa na haraka.

"Kila ulipompima, mpaka mwaka jana, nilikuwa namngoja nje," Sadie alisema. "Nahesabu pumzi. Ulikuwa unachelewa makusudi."

"Nilikuwa napima mara mbili."

"Mara tatu."

"Mwaka huu, mara tatu."

Sadie alifunga fungu kwa kamba, akalifungua, akalifunga upya. "Nimetaka kumwambia. Nimefungua mdomo pale jikoni, sijui mara ngapi. Halafu naona ataniita Sadie."

Maana kwao kila mtu huitwa kwa jina lake tu, awe askofu awe mtoto wa juzi. Hakuna bibi fulani wala mzee fulani. Duniani kote mtu ana watu wawili tu ambao hawaiti kwa majina, baba na mama.

"Mimi ananiita Arie miaka yote," alisema Arie. "Sikufa."

"Hukufa. Lakini tazama, huwezi hata kukaa."

"Hapana. Kukaa siwezi."

Sadie alijaza makapu yote. Alipofika langoni aligeuka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekusudia kusema jambo. "Utakuwa chumba cha kufulia, kuosha selari," alisema. "Maji ni baridi. Uje umevaa sweta."

Jumanne ile palikuwa na jua na upepo mkali. Walioana saa sita kasorobo, Lavina kwenye gauni la bluu alilolishona mwenyewe na aproni nyeupe ambayo, kwa desturi yao, siku moja atazikwa nayo. Benuel alijibu kabla askofu hajamaliza kumwuliza, na watu wakatabasamu kwenye vitabu vyao. Arie hakuyaona. Alikuwa chumba cha kufulia, mikono ndani ya maji mpaka kwenye viwiko, pamoja na wanawake watano wazima. Alisikia tu mabenchi yakisogezwa yawe meza, na kelele za watu mia nne wakianza kula.

"Wanakula hawasemi," alisema mmoja wa wanawake. "Selari ya Lydiann mwaka jana, kwa binti yake, ilikuwa kamba ya viatu."

"Leo Lydiann mwenyewe kachukua mara tatu. Na anauliza mbegu."

Sasa, maharusi hukaa kwenye kona, na wakishakula hutuma sahani kutoka kwenye kona yao kwa wale wanaotaka kuwaheshimu. Sahani ya kwanza ni ya mama wa bibi harusi. Haisemwi, inajulikana. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mattie, mdogo wake Benuel, msichana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akihudumu. Alishika sahani yenye peasi, kipande cha keki na selari ya maziwa, imefunikwa kitambaa.

"Arie, hii yako. Lavina kasema ya kwanza ije chumba cha kufulia."

Mikono ikatulia ndani ya maji.

"Kasema ni ya nani?" Arie aliuliza.

"Kasema ya Mama. Nikamwambia, Sadie yuko jikoni. Akaniambia anajua Sadie yuko wapi." Mattie aliwatazama mmoja mmoja. "Nimekosea?"

Arie alitoa mikono majini. Ilikuwa myekundu. Akaifuta kwenye aproni, mmoja, kisha wa pili, akainyoosha, na sahani ikawa mikononi mwake. Ilikuwa ya moto chini. Aliishika hivyo kwa muda wa kusoma kipimo kimoja kwenye utepe.

Mke wa askofu alikuwa upande wa pili wa beseni. Alikuja polepole kwa sababu ya nyonga. "Umekosea mlango, mwanangu," alimwambia Mattie kwa upole. "Nyumba ina watu wengi leo." Akaitoa sahani mikononi mwa Arie, bila kuvuta, kwa mkono ule ule aliomwinua nao miaka ishirini na miwili iliyopita, akavuka nayo ua.

Kutoka dirishani Arie alimwona Sadie akiipokea kwenye mlango wa jikoni. Sadie alitazama chumba cha kufulia. Kisha akaila yote amesimama, peasi, keki, selari, mpaka makombo, maana watu walikuwa wanatazama. Kwenye kona yake Lavina alikuwa amenyoosha shingo. Benuel akamwambia kitu, akakaa sawa.

"Imebaki ndoo mbili," mmoja alisema, na Arie akarudisha mikono majini.

Majira ya baridi yote maharusi walizunguka kuwatembelea ndugu, kama ilivyo desturi, wakilala huku Ijumaa na kule Jumamosi. Walifika nyumba sitini na moja. Kila nyumba walimfungua farasi, wakamwingiza zizini. Kwa Arie walipita Jumatatu moja kuchukua kofia nyeupe, dakika kumi, farasi akiwa kwenye gari. Selari ilikuwa imesimama kwenye theluji. Aliwafungia fungu la njiani.

Kwenye baraza la masika kanisa lilikubaliana, bila mtu kupinga, kwamba selari ya harusi zote iwe inatoka kwa Arie Zook, kwa kuwa iko, na kina mama wasijisumbue kupanda. Gideon ndiye aliyelisoma azimio hilo. Siku hizi alikuwa anatembea na chumvi kidogo kwenye karatasi, na zilizoota kwenye kofia alizila mchana akiwa shambani. Vijana wakaanza kumwita Arie wa Selari, kumtofautisha na Arie wengine.

Mwezi wa tisa Lavina alijifungua mtoto wa kike. Wiki tatu baadaye alimleta kupimwa kofia yake ya kwanza. Sadie alibaki nje kwenye gari, ameshika hatamu, midomo yake ikisogea kidogo kidogo kama mtu anayehesabu. Farasi hakufunguliwa.

Arie alisogeza selari mezani apate nafasi, akatandika blanketi, akamlaza mtoto. Alizungusha utepe juu ya masikio, nyuma kwenye kisogo, mbele kwenye paji. Alipima mara moja, mara mbili. Mara ya tatu Lavina alikuwa amefumba macho, ingawa kichwa kilichopimwa si chake. Inchi kumi na tatu na nusu. Arie akakiandika kipimo kwenye daftari jipya, amesimama, tarehe pembeni.

Lavina alimfunika mtoto, akamwinua begani. Akafika mlangoni, akasimama hapo, kidole kimezungushiwa kamba ya kofia mpaka kikawa cheupe. Nje Sadie alikohoa.

"Haya," Lavina alimwambia mtoto, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Mwambie Arie asante."